Bucha Si Ubao wa Mbele: Barua ya Wazi kwa Afisa wa Majengo ya Kale

Kwa Afisa wa Uhifadhi wa Majengo ya Kale,
Halmashauri yetu,
Mashariki mwa London.

Ndugu Afisa,

YAH: BUCHA LA KONA LA MWAKA 1887, NA MAMBO YALIYOMO NDANI YAKE

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu. Ndivyo tulivyofundishwa shuleni Tanga kuanza barua ya ofisini, na miaka 23 ya kuishi Uingereza haijanitoa tabia hiyo.

Barua yangu ya kwanza niliiandika kwa Kiingereza, ukanijibu kwa mistari minne. Hii ya pili naiandika kwa Kiswahili na kuiweka mahali kila mtu ataisoma. Bucha lile lililisha watu wetu kwa miaka mingi. Wazanzibari, Wakenya wa pwani, Wabarawa, Wakongo, wote walipanga foleni pale kila ikikaribia sikukuu, na hakuna aliyewaambia kwamba sasa ndani yake panataka kubomolewa. Halafu kwa Kiswahili ninayo maneno ya kazi yangu. Kwa Kiingereza hujikuta naomba radhi kila baada ya sentensi mbili. Binti yangu ataitafsiri na kukuletea nakala ofisini. Amenionya isiwe ndefu. Nimemwambia lawama hiyo alipelekee bucha.

Mimi ni fundi marumaru. Kazi niliianza Dar es Salaam kwa kubeba ndoo na kuchanganya udongo, na hapa London nimebandika vigae kwenye mabafu, jikoni kwa watu, misikiti miwili na kanisa moja. Mwezi uliopita mmiliki mpya wa jengo lile alinipigia simu nikatoe bei. Nilidhani anataka kubandika. Alitaka kubandua. Kuta zote za ndani, kuanzia sakafuni mpaka juu ya kichwa changu, zibanduliwe zibaki tofali tupu. Bamba la marumaru la dirishani ling'olewe. Reli za darini zikatwe. Kisha plasta na rangi nyeupe. Nikapima, maana ndiyo niliyoitiwa. Nikaenda mpaka uani nako nikapima. Nilipotoka nikamwambia kazi ile sina bei yake. Akadhani naringa ili aongeze pesa.

Jibu lako kwangu lilisema jengo halimo kwenye orodha ya taifa ya majengo yanayolindwa, kwa hiyo ya ndani hayakuhusu. Na kwamba mmekubaliana na mmiliki abakishe sura ya mbele, yaani ubao wa jina, vigae vya nje, na ile "1887" iliyochongwa juu ya ghorofa ya kwanza. Hayo, ulisema, ndiyo yenye thamani ya kihistoria. Hapo ndipo tunapopishana. Kwetu pwani chakula hufunikwa kwa kawa, na kawa nyingine zimesukwa kwa ukindu wa rangi, nzuri kutazama. Lakini sijawahi kuona mtu akihifadhi kawa na kumwaga wali.

Sijui kama umewahi kuingia ndani. Barua yako haikusema. Basi niruhusu nikutembeze.

Anza barabarani, na kabla ya kulitazama jengo tazama jua liko wapi. Mjomba wangu alikuwa na bucha Ngamiani, Tanga: chumba kimoja, dirisha la wavu, gogo la mwembe la kukatia, kulabu tano, mizani, na kijana mmoja wa kupunga nzi, ambaye likizo nyingi alikuwa mimi. Mjomba alifungua alfajiri na saa tano asubuhi alikuwa ameshafunga, kwa sababu baada ya hapo jua lilikuwa linahamia mlangoni kwake. Maisha yake yote alilalamika kwamba alipanga upande mbaya wa barabara. Wauza nyama wa Uingereza ya karne ya 19 walilijua jambo hilo hilo, na aliyeweza kuchagua alichagua upande wa kivuli. Bucha letu la kona linatazama kaskazini. Hata mwezi wa Juni, jua huligusa asubuhi mapema kabla halijawa kali, na jioni, wakati nyama ya siku imeshauzwa. Huo ndio uamuzi wa kwanza wa kiufundi kwenye jengo lile, na ulifanywa kabla ya tofali la kwanza.

Sasa dirisha. Mmiliki ameniambia, na nadhani ndicho alichokuambia nawe, kwamba dirisha la mbele "limeharibika" na kwamba ataweka kioo kimoja kipana kinachofanana na enzi zile. Halijaharibika. Limetengenezwa lisiwe na kioo wakati wa kazi. Ni fremu mbili nzito za mbao zinazopandishwa kwa kamba, na ndani ya nguzo za pembeni mmefichwa vyuma vizito vya kusawazisha, ili mtu mmoja alfajiri aweze kulisukuma juu kwa mikono miwili mpaka mbele yote ya duka ibaki wazi. Kamba zimekatika. Vyuma vimo, nimevigonga vikaitika.

Ajabu ni kwamba mwaka 1887 kioo hakikuwa shida tena. Kodi ya vioo ilifutwa mwaka 1845, kodi ya madirisha mwaka 1851, na wauza nguo, wauza viatu na wauza dawa wote wakakimbilia vioo vipana vya kuonyeshea bidhaa. Muuza nyama hakukimbia nao. Nyama nyuma ya kioo hupata joto, hutoa jasho, na kioo chenyewe hufunga ukungu. Kwa hiyo, mtaa mzima ukiwa umejifunika vioo, yeye aliacha uwazi. Ukiweka kioo kipana pale, utakuwa umelivisha bucha nguo za duka la viatu.

Chini ya uwazi huo kuna bamba la marumaru, jeupe lenye mishipa ya kijivu. Nasema marumaru kwa maana ya jiwe lenyewe. Kwetu Tanzania neno hilo limehamia kwenye vigae vya sakafu, na ndiyo maana mimi ninayebandika vigae naitwa fundi marumaru hata kama mwaka mzima sijagusa jiwe. Bamba lile limelazwa kwa mwinamo mdogo kuelekea nje, kiasi ambacho jicho halioni. Niliweka pimamaji, povu likahama. Ukingoni kuna mfereji mwembamba kama kidole, na mwisho wa mfereji tundu. Damu na maji vilikusanyika vyenyewe na kwenda zao, na mteja aliyesimama nje hakurukiwa na tone. Wale wanaoliita "kaunta" hawajalipapasa.

Inua macho. Juu ya ubao wa jina, ule mliokubaliana ubakishwe, kuna ukanda wa chuma cha kusubu uliotobolewa maua na majani. Kwenye mchoro wa mmiliki umeandikwa "pambo". Nyuma ya pambo hilo hakuna ukuta, kuna hewa. Na kule nyuma kabisa ya duka, paani, kuna kijumba kidogo chenye mbao za mshazari pande zote, kama zile za madirisha ya Mji Mkongwe. Kimezibwa kwa nailoni, lakini upande mmoja nailoni imechanika. Nilikuwa na vijiti vya udi garini. Nikawasha kimoja, nikasimama katikati ya duka. Moshi ulipanda wima, ukasita chini ya dari, kisha ukalala ukielekea nyuma na kutoka. Karibu miaka 140, nusu ya tundu imezibwa, na bado jengo linavuta pumzi. Nilisimama pale mpaka kijiti kikaisha, na nilikuwa nimeegesha gari pasiporuhusiwa.

Ndugu Afisa, utaniwia radhi nikikaa zaidi kwenye vigae.

Kigae cha namna ile ni mtoto wa mwaka 1840. Mwaka huo Richard Prosser alisajili njia ya kukandamiza unga mkavu wa udongo ndani ya kalibu ya chuma, na Herbert Minton, mwenye kiwanda cha vyombo vya udongo, akaichukua njia hiyo kutengenezea vigae. Kabla ya hapo udongo uliumbwa ukiwa mbichi, na udongo mbichi ukikauka hujikunja. Unga mkavu haujikunji. Vikatoka vigae vyembamba, bapa, vya inchi sita kwa sita, kimoja sawa na cha elfu moja, na bei ikashuka mpaka muuza nyama wa mtaa wa wafanyakazi akaweza kuvinunua. Kampuni ya Maw ilipofungua kiwanda chake kipya kule Jackfield, kando ya mto Severn, mwaka 1883, Uingereza nzima ilikuwa inajibandika: vyoo vya umma, hospitali, baa, vituo vya treni, na mabucha.

Bucha halikuvitaka kwa ajili ya urembo. Ukuta wa chokaa hunyonya damu, na damu iliyonyonywa hunuka. Kigae chenye glezi, yaani utando unaong'aa kama kioo, kinaoshwa kwa ndoo moja ya maji ya moto. Tazama pembe za kuta pale ndani: hakuna pembe. Ukuta unapokutana na ukuta mwenzake kuna kigae kilichopinda kama mfereji, na ukuta unapokutana na sakafu vivyo hivyo, ili kitambaa kisiache uchafu kwenye kona. Vigae vile vilivyopinda leo ukiagiza unauziwa kimoja kimoja. Sakafu nayo inateremka taratibu kuelekea mlango wa nyuma, na juu yake ulimwagwa unga wa mbao kila asubuhi, ukafagiwa jioni pamoja na yaliyodondoka.

Nafasi kati ya kigae na kigae ni ndogo kiasi kwamba wembe wangu mwembamba kuliko wote uligoma kupita. Sisi siku hizi tunaweka vijiplastiki vya msalaba ili nafasi ziwe sawa. Yule hakuwa navyo. Alikuwa na uzi, pimamaji na jicho. Nilimtafutia kosa kwa saa nzima, naungama, kwa sababu fundi hawezi kutazama kazi ya fundi bila kutafuta kosa. Nikalipata. Nyuma ya kibanda cha keshia, chini, kuna kigae kimoja kimekatwa pabaya na pengo likajazwa saruji. Alikificha mahali hasa ambapo mimi ningekificha.

Mmiliki anasema vitabanduliwa "kwa uangalifu" viuzwe. Nimebandua vigae vya umri ule mara mbili maishani. Saruji iliyovishika ni ngumu kuliko vyenyewe. Ukipiga patasi, kinachovunjika ni kigae, na kati ya kumi nikipata viwili vizima nashukuru. Vumbi lake pia si la mchezo, maana glezi za zamani zilitiwa madini ya risasi, yale yenye sumu. Mtu asikudanganye kwamba mambo haya yanahamishika kama meza.

Kuna picha tatu kubwa katika kuta zile, kila moja imeundwa kwa vigae kadhaa vilivyochorwa kwa mkono: ng'ombe dume upande wa kulia, kondoo upande wa kushoto, na nguruwe ukuta wa nyuma. Hapa ndipo wateja wa zamani watakaposhangaa, kwa sababu wengi hawajawahi kumwona nguruwe huyo. Miaka ya tisini duka lilinunuliwa na mzee wa Kipakistani, akaligeuza bucha la halali. Mtu mwingine angechukua nyundo. Yeye alimkuta nguruwe ukutani, akaleta ubao mwembamba, akautundika kwa misumari iliyopita kwenye viungo vya saruji pasipo kugusa kigae hata kimoja, na juu yake akaning'iniza kalenda ya Makka. Miaka yote aliyofanya kazi pale alikuwa akibadilisha kalenda tu. Niliponyanyua ubao, rangi za yule mnyama zilikuwa mbichi kuliko za ng'ombe na kondoo walioshinda wazi wakisuguliwa kwa sabuni. Ninakwambia hivi ili ujue kwamba mhifadhi wa kwanza wa jengo lile alikuwa muuza nyama, na hakuwa na barua ya ofisi yoyote.

Darini kuna reli mbili za chuma zinazoanzia mlangoni, zinapita juu ya gogo, zinakunja kona na kuingia chumba cha baridi. Kulabu bado zinateleza. Kuzielewa reli hizo lazima uende Smithfield. Mpaka mwaka 1855 ng'ombe na kondoo hai waliswagwa katikati ya London mpaka uwanja wa Smithfield, wakikanyaga watu na kujaza barabara samadi. Mwaka huo mnada wa mifugo ukahamishiwa Islington, na pale pa zamani Horace Jones, msanifu wa jiji, akajenga soko la nyama lililofunguliwa Novemba 1868. Chini ya soko zilipita reli za treni. Nyama iliyochinjwa mbali ilishushwa chini ya ardhi usiku, ikapandishwa sokoni, ikauzwa kabla ya mapambazuko, ikapakiwa kwenye mikokoteni ya farasi. Mkokoteni ulisimama kwenye mlango wa kona yetu, na nusu ya ng'ombe ikatundikwa kwenye kulabu ile ile ninayokuambia. Mashine ilikuwa moja, na bucha letu ndiyo ncha yake ya mwisho. Ya Smithfield mnailinda kwa daraja la juu. Ncha hii mnaiacha ikatwe kwa msumeno.

Lakini uani kuna kitu kingine, na hiki ndicho kilichonifanya nisilale. Upande wa jengo kuna kichochoro chembamba, na kuta zake za tofali zimelainika mpaka kimo cha kiuno changu, kama ngazi za kisima cha zamani. Ni mbavu za wanyama zilizozilainisha. Mwisho wa kichochoro kuna kibanda cha tofali chenye sakafu ya mawe, na katikati ya sakafu, pete ya chuma. Kamba ilipitishwa kwenye pete ile, kichwa cha ng'ombe kikavutwa chini. Sitapamba: palikuwa mahali pa kutisha, na sidhani mtoto wa mtu aliyelala dirisha la juu alipata usingizi.

Kwa hiyo jengo lina vyote viwili, machinjio ya nyuma kwa mnyama aliyekuja kwa miguu yake, na reli za mbele kwa nyama iliyokuja imekufa. Mwaka 1880 meli ya Strathleven ilifika London na nyama iliyogandishwa kutoka Australia. Mwaka 1882 Dunedin ikaleta maelfu ya kondoo waliogandishwa kutoka New Zealand, baada ya siku 98 baharini. Miaka mitano baadaye mtu wetu anajenga bucha lake na hajui atabaki upande upi, basi anajenga kwa pande zote mbili. Akaongeza na chumba cha baridi, chenye kuta zilizojazwa magamba ya mkoko, hapana, nimeandika upwani. Magamba ya mti wa koki, yale ya vizibo vya chupa. Kwanza chumba hicho kilipozwa kwa mabonge ya barafu. Barafu ya London nyingi ilikatwa kwenye maziwa ya Norway na kuletwa kwa meli, na visima alivyochimba Carlo Gatti kuihifadhi bado vipo King's Cross, ndani ya jumba la makumbusho ya mifereji. Ukitaka kumweleza mtoto wa shule jinsi chakula cha Ulaya kilivyoanza kutoka upande wa pili wa dunia, mpitishe kichochoroni, mwonyeshe pete, kisha mlete mbele umwonyeshe reli. Ni hatua kumi na tano. Nimezihesabu.

Kibanda cha keshia nitakipita upesi. Ni cha mbao nyekundu, na kidirisha chake kina upana wa kiganja. Aliyekata nyama hakushika pesa, na aliyeshika pesa hakugusa nyama. Mjomba alishika vyote, na noti za wateja wake zilinuka mafuta.

Najua nguvu zako zina mipaka. Tangu Septemba 2020 duka, mgahawa, benki na ofisi viko kundi moja la matumizi, kwa hiyo bucha linaweza kuwa mgahawa bila kuomba kibali. Tangu Agosti 2021 kuna njia fupi ya kuyageuza maduka kuwa makazi. Na kazi za ndani, jengo likiwa halimo kwenye orodha, haziombewi kibali cha mipango miji hata siku moja. Mmiliki hajavunja sheria yoyote, na sitaki barua hii isomwe kama matusi kwake. Amenunua kwa mkopo, na mkopo haulali.

Lakini sheria ya mwaka 1990 ya majengo yaliyoorodheshwa inaipa halmashauri uwezo wa kutoa notisi ya kulihifadhi jengo ambalo bado halijaorodheshwa, likiwa hatarini. Notisi ikitoka, jengo hulindwa kana kwamba limeshaorodheshwa, ndani na nje, kwa miezi sita, na Historic England, shirika linaloishauri serikali kuhusu orodha ya taifa, hupata nafasi ya kulikagua. Hiyo miezi sita ndiyo ninayoiomba. Ombi la kuorodheshwa nimeshalipeleka mimi, na picha 64.

Usiniambie kwamba ni duka dogo mno. Kule Walthamstow, duka la L. Manze la pai, viazi vya kuponda na mikunga, lilijengwa mwaka 1929 na likaorodheshwa mwaka 2013. Ni duka la chakula cha wavuja jasho, na kinachopendwa pale ni mambo ya ndani: vigae, mabenchi ya mbao, meza za marumaru. Bucha letu ni kubwa kwake kwa miaka 42. Na usiniambie kwamba vigae vya nyama vimeshalindwa kwingine. Naujua ukumbi wa nyama wa Harrods, lile duka kubwa la matajiri, na zile picha za mawindo za mwaka 1902 alizochora msanii Neatby kwenye vigae. Nzuri sana. Lakini pale muuza nyama alipambiwa na tajiri. Hapa alijipambia mwenyewe, kwa faida ya senti kwa ratili.

Ukitaka kuona kitakachobaki tukifuata mapatano yako, panda treni uende York, mtaa wa Shambles. Ulikuwa mtaa wa wauza nyama, na jina lenyewe limetokana na mbao walizopangia nyama. Vizingiti vipana vya madirisha vipo. Kulabu zipo nje, juu. Nyumba zimeinamiana mpaka jua halishuki. Ndani, peremende na zawadi za watalii. Nilisimama chini ya kulabu moja nikisubiri mke wangu achague chokoleti, na watu walikuwa wakizipiga picha kulabu zile huku wakiulizana zilikuwa za kutundikia taa za aina gani.

Wapo watakaoniuliza, na wawili wameshaniuliza msikitini, mtu wa Tanga ana shida gani na enzi za Malkia Victoria. Kwetu enzi zile zinakumbukwa kwa mizinga iliyolipiga kasri la Zanzibar mwaka 1896, na sina hamu ya kuzililia. Ila Malkia hakuwahi kubandika kigae. Aliyebandika alipiga magoti pale kwa wiki kadhaa, akaumwa mgongo kama mimi, akakata kimoja vibaya siku moja, labda Ijumaa jioni.

Wala sidai liwe bucha milele. Mmiliki anataka mgahawa wa kahawa. Na uwe. Bamba la marumaru litafaa kwa keki, maana jiwe linalopoza nyama hupoza siagi pia. Kibanda cha keshia kitashika mashine ya kadi. Kijumba cha paani kikizibuliwa kitatoa moshi wa jikoni bila feni. Reli ziachwe zilivyo. Machinjio ya uani ni bora yafungwe kwa kufuli kuliko kugeuzwa choo, lakini hata choo, sakafu na pete zikibaki, nitanyamaza. Vigae vilivyopasuka nimehesabu 31, na Jackfield hapo hapo bado kuna kiwanda kinachotengeneza vya aina ile. Nitavibandika mimi, na fedha nitakayotoza ni ya udongo na mafuta ya gari. Hili nimemwambia mmiliki mbele ya mashahidi.

Fundi mwingine ameshampa bei. Wanaanza Jumatatu ya wiki inayofuata wiki ijayo, kwa ukuta wa nyuma, ule wa nguruwe.

Mmiliki amekubali nikuingize kabla ya hapo, siku yoyote ya kazi. Njoo asubuhi, saa mbili au saa tatu kwa saa zetu, yaani saa nane au tisa kwa zenu, kabla magari hayajaziba mlango wa kichochoro. Njoo na tochi kwa ajili ya chumba cha baridi, na uvae viatu vyenye meno: sakafu ya uani ina mwinamo, na ikinyesha inateleza. Vijiti vya udi nitaleta mimi.

Wako mtiifu,

Fundi marumaru,
Mtaa wa pili kutoka bucha.

Nakala: wateja wote wa zamani wa bucha la kona.